Pindo la Malaika

Malaika wetu hakuwahi kutembea. Kila Pasaka, kabla jua halijachomoza, wanaume walimfunga Jovelyn kwenye kiti cha kamba, wakamvuta hadi juu ya mnara wa mianzi mbele ya kanisa, kisha wakamshusha taratibu juu ya sanamu ya Mama Maria, amvue utaji mweusi wa msiba na kumwimbia kwamba Mwanawe amefufuka. Padri alimchagua akiwa na miaka sita. Alisema malaika hahitaji miguu, ana mabawa, na kijiji kizima kikacheka kwa furaha. Mimi nilishona kanzu ndefu ya kupita nyayo, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Mwaka huu alitimiza tisa. Siku ya mazoezi mjomba wake Dado, mshika kamba, alimnyanyua mara moja tu akaguna.

"Malaika gani huyu anamaliza sufuria ya wali peke yake? Mwakani utatuvunjia mnara, binti."

Jovelyn alicheka. Dado alipoondoka, kicheko kikamwisha.

"Shangazi Belen," aliniambia nikimpima mabega, "kwa kuwa hii ndiyo ya mwisho, kanzu ikate magotini."

"Utaona baridi."

"Nikiwa chini watu wanamtazama mama anayesukuma kiti changu. Nikiwa juu wananitazama mimi. Nataka wanitazame nikiwa na miguu yangu."

Nikasema sawa. Nilisema hivyo kwa wepesi ambao watu wazima tunao kwa watoto, na hadi leo unaniuma.

Jioni akaja Perlita, mama yake. Hakutaka hata kuketi.

"Dada, usimsikilize. Watu wetu unawajua. Utaji ukinasa, wanasema mwaka ni wa njaa. Sasa unase huku miguu yake iko nje? Watasema ni yeye. Ninyi mtarudi majumbani kwenu, mimi ndiye nitakayebaki naye."

Nami nina kijaruba changu cha mpunga, na Mungu anisamehe, niliogopa kama yeye. Nikaishona ndefu.

Alfajiri ya Pasaka nilimvisha katika mwanga hafifu wa mishumaa. Mkono wake ulilitafuta pindo, ukapita magoti, ukaenda hadi vidoleni. Akaniangalia. Akawaacha wamfunge kamba.

Aliimba kuliko alivyowahi kuimba. Utaji ulitoka kwa mkono mmoja, haukunasa popote. Wanawake walilia, maua yakarushwa, kengele zikapigwa. Nilisimama pale nikijua kwamba hofu yetu yote ilikuwa ya bure, na kwamba nafasi yake haitarudi.

Watu walipoifuata sanamu ndani, Dado alikuja kumbeba ampandishe ngazi za kanisa.

"Niache hapa, mjomba. Nitakaa na shangazi."

Tukabaki wawili, yeye kwenye kiti chake cha magurudumu, mimi kwenye ngazi ya chini.

"Ulisema sawa," akaniambia.

"Nilisema."

"Mwakani nani?"

"Mtoto wa Nening."

"Anatembea?"

"Anatembea."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya samaki. Kisha akaishika kanzu kwa mikono miwili, akaikunja kidogo kidogo hadi juu ya magoti. Miguu ilikuwa myembamba, imepauka kwa kukosa jua, na kovu la upasuaji limepita kwenye goti la kushoto. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeivalisha bila kuitazama. Mikono yangu iliinuka yenyewe kwenda kuishusha kanzu. Nikairudisha mikono, nikaikalia.

"Nisogeze, shangazi. Pale chini ya ngazi, mkabala na mlango."

Nikamsogeza mahali ambapo hakuna awezaye kutoka bila kupita mbele yake. Ndani padri alikuwa ndiyo kwanza anaanza mahubiri. Nikaketi karibu naye, tukawasubiri.