Ua Alilolikalia Chiriku

Tangu aanze kazi ya kutambua mimea maabara, dada mtu alikuwa akilitafuta ua moja adimu. Kila kiangazi alitambaa kwa magoti kwenye nyika kavu, maana ua lenyewe hulala chini, halifiki hata kwenye kifundo cha mguu. Magoti yaliota sugu, ua hakuliona.

Kisha mdogo wake, waliyemwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza, akaajiriwa maabara ileile. Safari yake ya kwanza nyikani alikaa chini kutoa mwiba mguuni. Alipoinuka, akaona alichokikalia, akakichuma na kurudi nacho maabara kwa dada yake.

"Dada, hebu nitazamie hiki. Nusura nikiue kwa makalio!"

Dada akakiweka chini ya lenzi. Petali za manjano, majani yaliyobanana. Akageuza jani kwa kibanio. Upande wa chini kulikuwa na manyoya meupe, laini kama ya kinda. Ua la kawaida halina manyoya; lile adimu ndilo lililo nayo.

Roho ikamuuma. Tangu utotoni huyuhuyu ndiye aliyepakuliwa kwanza na mama, ndiye aliyebebwa na wageni. Na hili nalo!

"La kawaida," alisema bila kuinua uso. "Yamejaa huko."

"Basi. Mwenye macho hapa ni wewe." Chiriku akalichukua, akaelekea kwenye pipa la taka huku akisimulia habari za viatu vyake vipya.

"Chiriku, acha! Lirudishe!"

Chiriku akarudi nalo. Dada akamsukumia lenzi. "Angalia chini ya jani."

"Manyoya... Dada! Si ndilo lile lako? Mbona umesema—"

"Nimesema kwa wivu."

Chiriku akainua uso kutoka kwenye lenzi. "Basi tuandike majina yetu yote mawili kwenye ripoti."

"Usinionee huruma. Umeliona wewe, litaandikwa jina lako. Ila kesho unipeleke ulipokaa."

Wakaenda. Maua yalikuwa yametapakaa pembeni mwa njia aliyoipita dada miaka yote, madogo, yamejibana ardhini. Alipiga magoti, akayapima na kuyapiga picha kwa uangalifu, asiache hata moja. Nyuma yake Chiriku alikuwa kwenye simu, akipiga vigelegele.

"Dada, mama anataka kuongea na wewe. Analia kwa furaha!"

"Mwambie nina kazi," dada akajibu, akainamia ua jingine ili mdogo wake asimwone uso.