Gemu Iliyoacha Kumngoja

Watu wa mtaani walimwita Jenerali, na jina hilo hakulipata jeshini. Alilipata sebuleni, enzi za shule, kwa sababu ya gemu iitwayo Milango ya Chuma. Katika gemu hiyo unapewa askari wachache na ngome ya kulinda, na mambo huenda kwa zamu. Unawaza, unampanga huyu hapa na yule pale, kisha adui naye anapanga vyake. Ukienda msalani ukarudi, adui yuko palepale anakusubiri. Jenerali alikuwa hashindwi. Rafiki yake wa utotoni, ambaye siku hizi ni kinyozi, alishindwa kila mara, na kila mara alidai alikuwa na njaa.

Walikua, na gemu ikakua nao. Ilitoka ya pili, ya tatu, hadi ya nane. Jenerali akawa mchora mabango. Nusu ya maduka ya mtaa ule yalibeba maandishi ya mkono wake, yenye herufi nene zenye kivuli cha buluu. Kinyozi akafungua saluni. Jumamosi mchana walikutana nyumbani kwa Jenerali, alikoishi na dada yake mkubwa. Dada alikuwa fundi cherehani, akishonea chumba cha mbele, na kelele zao alizizoea kama alivyozoea mlio wa cherehani yake.

Kisha ikatoka ya tisa, na haikuwa na zamu.

Adui alikuja mbio. Ulitakiwa ukimbie, uruke, ukinge na upige kwa wakati mmoja, vidole vikichapa vitufe bila kupumzika. Kundi lao la simu, lenye wapenzi wa gemu hiyo kutoka kila pembe ya mji, likawaka moto. Wapo waliosema imeharibiwa, na wapo waliosema ndiyo kwanza imefufuka. Jenerali alikuwa mbele ya wale wa kwanza.

"Hii siyo Milango ya Chuma," alisema kwenye ujumbe wa sauti ambao dada aliusikia kutoka chumba cha pili. "Wamemvisha mtu mwingine nguo za marehemu, halafu wanatuambia tumsalimie."

Kinyozi akajibu kutoka saluni, mashine ya kunyolea ikinguruma nyuma yake. "Mimi nasimama kutwa juu ya vichwa vya watu, jamani. Nikifika nyumbani, ile ya zamani ilinilaza usingizi, sema tu nilikuwa naogopa kuwaambia. Hii nikiishika moyo unanidunda. Mtu anapenda kuwaza, mwingine anapenda kukimbia. Dhambi iko wapi?"

Haikuishia hapo. Kila aliyeisifia gemu mpya, Jenerali alimrukia. Aliwaita wenye vichwa vyepesi, aliwaita panya wa umeme. Wao wakamwita mzee wa makumbusho. Dada alijaribu kumtania, akamwambia haipendezi watu wazima wenye ndevu kununiana kwa ajili ya michoro inayocheza kwenye kioo. Hakucheka. Alimwambia, "Dada, wewe shona."

Siku moja kinyozi, naye akiwa amechoka kutukanwa, akaandika maneno manne tu: Sema tu kwamba huiwezi.

Jenerali akajitoa kundini. Jumamosi iliyofuata hakuna aliyebisha hodi, na iliyofuata vilevile. Dada alianza kuona mambo ambayo kumbe alikuwa ameyatazama muda mrefu bila kuyaona. Mdogo wake alikuwa ameacha kuchora tangu mvua za mwanzo wa mwaka, akisema mashine za kuchapa mabango ya plastiki zimeiua kazi yake. Mashine zilikuwepo kweli, lakini wateja bado walikuja kumwulizia, naye aliwafukuza mlangoni. Alikuwa pia amemwomba dada ayatoe mashati yake vifungo, ashonee zipu. Alisema ndiyo fasheni, na dada akashona huku akimcheka kwamba anatafuta mchumba.

Alasiri moja alirudi kutoka kupeleka nguo za mteja, akakuta mlango wa sebule umerudishwa. Akausukuma. Jenerali alikuwa amepiga magoti sakafuni. Padi ya gemu alikuwa ameibandika mezani kwa utepe wa gundi, naye ameiinamia, anagonga vitufe kwa vifundo vya vidole, kama mtu anayebisha hodi. Kwenye kioo askari wake alitoka langoni, akapigwa, akaanguka. Akatoka tena, akapigwa, akaanguka. Lilikuwa lango la kwanza kabisa, lile ambalo mtoto analipita akiwa anakula.

Dada akakaa chini karibu naye. "Nioneshe mkono," alisema.

Alikataa kwanza. Baadaye akaunyoosha. Nyama ya chini ya kidole gumba ilikuwa imenywea, imeacha shimo, na vidole viwili vilijikunja vyenyewe vikabaki hivyo.

"Wa kushoto nao umeanza," alisema. "Nilikwenda hospitali. Nikapigwa sindano, nikapigwa picha. Daktari ni mtu mzuri, alinieleza taratibu. Misuli inakufa kidogokidogo na haina dawa ya kuirudisha. Ugonjwa utapanda hadi mabegani. Yatakayofuata baada ya hapo hakutaka kuniambia, nami sikumwuliza."

"Na umekaa nayo peke yako."

"Ningesema nini? Brashi ilinianguka mbele ya mteja, nikasingizia mashine za plastiki. Ile gemu ya zamani nilikuwa naimudu, dada. Hata kwa kidole kimoja. Nilijua hata nikifika pabaya, Jumamosi nitakuwa na watu hapa ndani, na nitakuwa Jenerali. Sasa wamehama wote. Wamekwenda mahali nisipoweza kuwafuata."

Alimwapisha asimwambie mtu, hasa kinyozi. Dada akaapa. Usiku huo alilala na kiapo chake kama mtu aliyelala na jiwe ubavuni, na asubuhi akafunga kitambaa kichwani akaenda saluni.

Kinyozi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Dada alimweleza palepale, kwa sauti ya chini, maana alijua akingoja atakosa nguvu. Mashine ikazimwa. Mteja, nusu ya kichwa ina nywele na nusu haina, akatazama kwenye kioo kujua kuna nini.

"Nilimwandikia kwamba hawezi," kinyozi alisema.

"Hukujua."

"Lakini niliandika."

Akaiwasha tena mashine, kwa sababu huwezi kumwacha mtu na nusu kichwa, akamaliza kazi. Kisha akafunga saluni mchana kweupe, akaongozana na dada.

Jenerali alipowaona wameingia pamoja alielewa. Hakumtazama kinyozi. Alimtazama dada yake.

"Uliapa," alisema.

"Niliapa. Nikashindwa."

"Nilikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki changu, nacho umekigawa."

Dada alisimama mlangoni na mkoba wake, kwenye nyumba aliyoilipia paa, kama mgeni aliyekosea mlango. Kinyozi akajaribu kusaidia. Akasema wacheze ile ya tisa pamoja: Jenerali awe kichwa, yeye awe mikono.

"Mpaka niseme 'kulia' nimeshakufa," Jenerali alisema. "Haingoji maneno. Ulishawahi kuiona ikingoja? Wewe ndiye uliyeisifia kwa hilo."

"Ndiyo, niliisifia."

"Na bado unaipenda?"

Kinyozi angeweza kudanganya, na dada kwa moyo wake wote alitamani adanganye.

"Bado naipenda," alisema. "Nikisema siipendi utanijua."

Jenerali akaitikia kwa kichwa, na kwa namna fulani uso wake ukalegea. Akamwomba amrudishe kundini. Kinyozi akamshikia simu karibu na mdomo, naye akarekodi ujumbe. Hakupamba. Alisema mikono yake inakufa, kwamba ndiyo maana aliwatukana, kwamba alitaka gemu ibaki ilivyo ili na yeye abaki alivyo. Akaomba radhi kwa lile la panya.

Pole zikamiminika. Hata wale waliomwita mzee wa makumbusho waliandika kwamba wamelia. Wengine wakageuza hasira zao kwa watengenezaji, wakasema hii ndiyo sababu gemu haikupaswa kuguswa. Kisha mmoja, ambaye hakuna aliyemjua ila kwa jina la utani la Mwiba, akaandika: Pole sana kaka. Lakini mimi gemu hii mpya ndiyo ya kwanza kuipenda, na sidhani ni haki irudi nyuma kwa ajili ya mtu mmoja.

Kundi zima likamvamia. Wakataka atolewe. Jenerali, aliyekuwa akisomewa na kinyozi, akasema, "Shika simu hapa."

Akarekodi tena. "Mwacheni. Hajanitukana. Mimi nilisema kitu hichohicho kuhusu gemu yangu, tena kwa matusi. Gemu haina deni na mimi. Hiyo ndiyo inayoniuma, lakini ndivyo ilivyo."

Baada ya hapo hakutaka kusomewa tena. Alikaa ametazama kioo cheusi, na dada aliona kwamba amani aliyodhani imeingia haikuwa amani. Alikuwa ameishiwa tu. Alipokuwa akigombana alikuwa na adui wa kumshika shati. Sasa hakuna wa kulaumiwa, na ugonjwa uko palepale.

"Nitafanya nini, dada?" aliuliza, kwa sauti ambayo dada hakuwa ameisikia tangu walipokuwa watoto. "Kesho nikiamka. Nitafanya nini?"

Dada akasema hajui. Akaweka mkoba chini, akakaa kwenye mkono wa kiti, akamwekea kiganja mgongoni, naye hakujitoa.

Kinyozi alikuwa amechutama mbele ya kabati, anatoa masanduku ya gemu, analipuliza moja vumbi. Ilikuwa ya nne, iliyowagombanisha miaka ile kwa sababu mwisho wake ulikuwa mgumu mno. Akaichomeka bila kuomba ruhusa, akaibandua padi mezani, akaketi sakafuni mgongo ukiegemea magoti ya mwenzake. Askari wakajipanga.

"Nikicheza mwenyewe nitakutia aibu," alisema.

Machozi yalikuwa yakimtiririka Jenerali na hakuyafuta, na wote wawili hawakumgeukia. Nje mtu alikuwa anaita jina la dada, akitaka gauni lake, akachoka, akaondoka.

"Yule wa upinde," Jenerali alisema hatimaye. "Mtoe pale. Mpeleke kushoto."

"Hapa?"

"Kushoto, nimesema. Hujabadilika hata kidogo."