Damu ya Kobe

Utando wa rangi ya kutu ulielea juu ya mto. Kila alipozamisha mikono ulimganda viganjani kama makamasi. Mama Kobe, mtaa mzima unavyomwita tangu aanze kibarua hiki cha kukamata kobe wa maji, alijifuta kwenye sketi, akazamisha tena. Alimnasa kobe wa tisa kwa nyuma ya gamba asimng'ate, akampandisha kwa mtaalamu wa mradi aliyekaa ukingoni, kajiziba pua, kavaa glavu mbilimbili.

Mtaalamu alimchoma kobe sindano shingoni. Damu ikajaa kichupa.

"Majibu ya wale wa mwezi jana yametoka, daktari?"

"Yametoka. Damu yao imejaa sumu ya kiwanda cha ngozi. Mayai yao hayaanguliki."

Mama Kobe alipanda ukingoni. Binti yake mimba zilimtoka tatu, na kila ndoo ya nyumbani kwake ilichotwa hapahapa.

"Basi nichome na mimi. Na binti yangu. Sindano si unazo?"

"Mradi wetu ni wa kobe, mama. Mambo ya watu kamuulize bwana afya."

Akaenda vilevile, miguu inanuka mto. Bwana afya alimpokea akijichokoa meno.

"Yale maji yamepimwa. Yako salama."

"Nani kayapima?"

"Kiwanda chenyewe. Wana maabara nzuri kuliko yetu."

"Mbona kobe wana sumu?"

"Kobe mnyama, mama. Wewe una ini la kuchuja sumu." Akatema chembe ya chakula pembeni ya meza. "Au unataka kujilinganisha na kobe?"

Karani wake aliyekaa pembeni akacheka mpaka akashika mbavu. Mama Kobe akatoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata lori la mradi lilikuja kuwahamishia kobe kwenye bwawa safi. Mgongoni lilibeba tangi la maji meupe, yamechujwa, wasife njiani. Mama Kobe alilipwa kuwatia humo mmoja mmoja. Walipofika arobaini, maji yakafurika, yakaanza kumwagika ubavuni.

Binti yake ndiye aliyetangulia kukinga ndoo. Wanawake wengine wakakimbilia majumbani, wakarudi na madumu.

"Jamani, hayo yana mavi ya kobe," dereva alisema.

Hakuna aliyetoka kwenye foleni. Mama Kobe aliitazama ndoo ya binti yake ikijaa, vipande vya kijani vikizunguka juu, kisha akamsogezea ya pili.