Maziwa ya Tangi la Tatu

Jael aliponda viini vya mayai ya kuchemsha, akavichuja kwa kitambaa na kuwanyunyizia vifaranga wa kambare. Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, katika kituo cha kufugia samaki kando ya barabara ya Bukura. Maji ya matangi hayakumwagwa. Pampu iliyavuta, ikayapitisha kwenye pipa la changarawe na kuyarudisha yakiwa safi, na wageni waliokuja kutazama walisifu sana.

Nje ya geti, mama mkwe wake, Rosebella, alikuwa amembeba Mitchel, mtoto wa Jael ambaye hata meno hajaota. Mtoto alilia kwa njaa.

"Meneja, naomba nitoke nimnyonyeshe kidogo tu."

"Mama Mitchel, hapa tunafuga samaki," Patroba alijibu. "Watoto mnafuganga kwenu."

Mwenyewe alikuwa na watoto, na mkewe hakuwahi kuomba ruhusa ya mtu ili wanyonye.

Jael akarudi kazini. Hangeweza kuacha kazi, maana miwa yao ilikuwa inakauka shambani ikingoja lori ambalo haliji. Matiti yalimuuma, lakini blauzi ilibaki kavu. Maziwa yake yalikuwa yakitoka kwenye bomba la tangi la tatu, meupe na vuguvugu. Pampu iliyazungusha, na vifaranga wakayafuata midomo wazi.

Patroba alichovya kidole, akaonja.

"Ni ya mama," alisema, akaamuru tangi hilo lipunguziwe mayai.

Vifaranga wakanenepa. Jioni Mitchel alivuta titi, akavuta tena, akaliachilia. Rosebella alimpikia uji mwepesi, akautapika wote.

"Hii maziwa inaenda wapi?" Rosebella aliuliza.

"Inaendanga kwa samaki, mama."

"Sasa si uteke urudishie mtoto?"

Kesho yake Jael alichota kikombe kimoja kutoka tangi la tatu na kuelekea getini. Patroba alimfuata, akamnyang'anya kikombe.

"Kitu iko ndani ya tangi ni ya kampuni."

"Ni maziwa yangu, meneja! Imetoka kwa mwili yangu!"

"Ingekuwa yako ingekuwa kwako."

Akarudi kuyamwaga majini, polepole, asije akawaumiza vifaranga. Huo ni unyama, na sioni jina jingine la kuupa. Wafanyakazi wenzake Jael walitazama, kisha wakaendelea kusugua matangi.

Wiki hiyo kibao kiliwekwa barabarani: wanahitajika akina mama waliojifungua karibuni. Walikuja wengi, watoto migongoni, na askari wa geti akawaonyesha mahali pa kuwaacha watoto.

Hapo getini Mitchel hakulia tena. Nguvu za kulia zilikuwa zimemwishia, kichwa kimelala begani kwa nyanya yake. Patroba alisimama akamshukuru Rosebella kwa kumtuliza, akamweleza kwamba kelele huwashtua vifaranga.