Wanaoingia Ndio Ng'ombe

Waisiko, mama yake Mokami, alikuwa na desturi iliyowachosha watu. Kila ng'ombe wake walipotoka kwa rafiki aliyemtunzia huko Nyansurura kurudi nyumbani Kemambo, hakuuliza wametoka wangapi. Alisimama kwenye mlango wa zizi akawahesabu mmoja mmoja wakiingia, hata mchungaji akinuna, hata mchungaji awe kaka yake wa tumbo moja. "Wanaotoka ni maneno," alikuwa akisema. "Wanaoingia ndio ng'ombe."

Mokami alikua akiicheka desturi hiyo. Alipoajiriwa kutunza kompyuta za chama cha wachimbaji wadogo, akaikuta imemtangulia ofisini.

Dhahabu ilikuwa imewapagawisha watu. Kila wiki lilichimbwa duara jipya, yaani shimo la dhahabu, na kila duara lilizaliwa na wagomvi wake. Mchwa walipomaliza faili za karatasi, chama kikanunua seva tatu zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, zikapewa majina ya mito: Mara, Grumeti na Mori. Humo ndimo ilimokaa tarehe ya kuandikishwa kwa kila duara, mipaka yake na jina la mwenyewe, kila kumbukumbu katika seva mbili, ili moja ikifa nyingine iseme. Ambaye jina lake halikuwemo hakuwa na duara, hata kama ujana wake wote aliuacha chini ya ardhi. Waisiko alikuwemo. Alikuwa ameuza nusu ya zizi ili achimbe lake.

Kazi hiyo Mokami alifundishwa na Simioni, mtu mzima mpole ambaye kwa miaka minne alikula ugali wa Waisiko na kumwita mama. Ndiye aliyemfundisha namna ya kuitoa seva kundini bila hasara. Huizimi tu. Kwanza unaizuia isipokee kazi mpya. Kisha unahamishia kumbukumbu zake kwenye zile zinazobaki, unasubiri zifike. Halafu unahesabu kule zilikofika, si kule zilikotoka. Ndipo unaizima na kulifuta jina lake. Na aliyehamisha haruhusiwi kuhesabu. Anahesabu mwingine, kisha anaweka nywila yake.

"Siyo kwamba hatuaminiani," Simioni alimwambia. "Binadamu anachoka."

Vumbi la makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, lilipoiharibu Mori, chama kikaamua itolewe. Ijumaa asubuhi Simioni akaizuia kazi mpya, akaanza kuhamisha. Hadi saa nane mchana Mokami alikuwa bado anangoja zamu yake, hajatia kitu tumboni. Simioni akamletea chai na chapati mbili.

"Kula, mdogo wangu. Nimeshakuhesabia. Mia mbili thelathini na moja, zote zimefika. Weka nywila tu."

Akaiweka, kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa na chapati. Mori ikanyamaza. Simioni akaibeba mwenyewe hadi kwenye gari.

Jumatatu Waisiko alifika ofisini kutaka karatasi mpya ya duara lake, maana ile ya zamani ilikuwa imefifia hadi ikawa nyeupe. Mokami akaandika jina la mama yake kwenye kompyuta. Halikuwepo. Akaliandika tena, polepole, herufi kwa herufi. Halikuwepo. Ndipo akahesabu kwa mara ya kwanza: mia mbili na kumi na nne. Maduara kumi na saba yaliyokosekana yote yalifuata mwamba mmoja, ule uliokuwa ukitoa dhahabu tangu masika.

Akampigia Faridu, fundi wa Tarime mjini aliyeuziwa Mori.

"Mimi nilinunua ganda, dada," alisema Faridu. "Diski Simioni alizitoa mwenyewe, akazipondaponda kwa nyundo hapa hapa dukani. Alisema ndio utaratibu wenu."

Simioni alikuwa chumba cha pili, mbele yake fomu mpya za kuandikisha maduara. Mokami hakuhitaji kuuliza ni ngapi.

"Kaka, uliniambia zote zimefika."

"Nakala za pili za yale kumi na saba nilizifuta wiki tatu zilizopita," alijibu Simioni, kwa sauti ile ile ya kufundishia. "Zikabaki Mori peke yake, nikazifungia zisihame. Na kumbukumbu ya nani alifanya nini nayo ilikaa Mori. Iliyobaki inaonyesha nywila ya aliyehakikisha. Ni ya nani?"

Kikulacho ki nguoni mwako, na Mokami nguo hiyo aliivaa miaka minne akiona inampendeza. Wizi angeumeza. Kilichomkaba ni kwamba mtu huyu alimpa kwa mkono wake kanuni ya kumkamatia, akijua fika kwamba Mokami hataitumia juu yake.

Mama yake alikuwa kwenye benchi la nje, karatasi nyeupe mapajani. Mokami akakaa kando yake, akamweleza yote. Waisiko alisikiliza hadi mwisho.

"Walioingia, uliwahesabu?"

"Alinihesabia Simioni, mama."

Waisiko aliikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akainuka.

"Nenda ukawaambie wale kumi na sita," alisema. "Mimi umeshaniambia."