Kiganja cha Mpiga Pasi

Mjukuu wangu aliandika maagizo yote kwenye karatasi moja, kwa herufi kubwa, akaibandika ukutani juu ya kasha la kioo. Upande wa kulia, joto nyuzi thelathini na moja. Upande wa kushoto, ishirini na tano. Maji mapya kila asubuhi. Mstari wa mwisho aliupigia mistari miwili chini: USIAMINI MKONO, AMINI NAMBA.

"Babu, nisomee," aliniambia siku ya kuondoka, begi tayari begani.

"Mimi nisome? Kwani nimekuwa mtoto wa darasa la kwanza?"

"Nisomee tu, mzee wangu."

Nikasoma neno kwa neno, bila kukwama. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na nane, katika madarasa ya jioni, nikitoka kazini na kusinzia juu ya daftari. Cheti changu kiko kwenye fremu mpaka leo. Sikupenda kupimwa.

Alikuwa anakwenda mafunzo ya kazi ya wiki mbili. Nyoka wake, chatu mdogo wa mita moja hivi, alimpa jina la Mkanda. Mke wangu alimwita Mpangaji, na hakukanyaga chumba kile. "Nyoka ni nyoka hata umvishe shanga," alisema. Nyumbani wote walimcheka mtoto kwa kufuga nyoka. Mimi peke yangu nilimuuliza anakula nini. Ndiyo maana aliniachia mimi.

Siku nne zilikwenda vizuri. Chini ya kasha, upande wa kulia, kulibandikwa mkeka mwembamba wa umeme. Waya wa mkeka ulipita kwanza kwenye kisanduku cha kudhibiti joto, ndipo ufike kwenye soketi. Kisanduku nacho kilionyesha namba za joto la pande zote mbili, kwa vichwa vidogo vya kupimia: kimoja kimebanwa kati ya mkeka na kioo, kingine upande wa kushoto. Joto likitimia, taa nyekundu inazimika na umeme unakatika. Likishuka, taa inawaka tena.

Siku ya tano iliingia baridi ya kukunja vidole. Nikakuta taa imezimika. Nikafunua kasha, nikaweka kiganja kwenye sakafu ya kioo ubavuni mwa Mkanda, nikahesabu mpaka kumi kama tulivyofanya kazini. Baridi. Nikangoja. Taa ikawaka kidogo, ikazimika. Kiganja tena: baridi.

Kiganja hicho si cha kubezwa. Kwa miaka thelathini na minne nilipiga pasi katika chumba cha dobi cha hoteli kubwa. Pasi zile hazikuwa na namba. Unasogeza kiganja karibu na bamba, unajua hii ni ya kitani, hii ni ya pamba, hii ukiigusisha hariri unatoboa. Wafanyakazi wapya waliniletea pasi zao niamue. Hata nyumbani nilikuwa naepua sufuria jikoni bila kitambaa, wajukuu wakinipigia makofi.

Kwa hiyo namba ilisema thelathini na moja, kiganja kikasema baridi, nami nikachagua. Kisanduku kimechoka, nikajiambia. Mnyama wa watu atakufa kwa baridi huku mimi nikingoja taa. Nikakichomoa, namba zikapotea, nikachomeka mkeka moja kwa moja ukutani.

Saa kumi na mbili jioni mjukuu akapiga simu, kama kawaida yake.

"Mkanda anaendeleaje?"

"Amelala kama bwana harusi."

"Na namba?"

"Namba ziko sawa."

Na kweli alilala. Siku mbili hakutoka upande ule wa kulia. Nikafurahi: leo amepata joto la kumtosha. Mke wangu akapaza sauti kutoka sebuleni, "Kuna kitu kinaungua humo!"

"Ni harufu ya plastiki tu! Ikiwa mpya hunuka hivyo!"

"Mpya ya mwaka juzi?"

Asubuhi ya siku ya saba aliingia mwenyewe, kwa mara ya kwanza, kitambaa puani. Alinikuta mkono wangu uko ndani ya kasha. Akamtazama Mkanda kwa pembe ya jicho, akapitisha kidole chini ya kasha, akaruka nyuma.

"Mume wangu! Hili ni kasha au jiko?"

"Acha masihara. Ni vuguvugu tu."

Nilisema hivyo kiganja changu kikiwa palepale juu ya kioo. Hakunitazama usoni. Aliutazama mkono.

"Mkono unaoshika sufuria ya moto bila kitambaa," alisema polepole, "ndio uliouuliza habari za joto?"

Nikachomoa mkeka. Nikarudisha kisanduku kwenye umeme. Namba zikatokea: ya kulia, arobaini na saba. Nikamwinua Mkanda. Magamba ya tumbo yalikuwa mekundu, na mahali pawili yamevimba maji.

Daktari wa mifugo, mtu wa ng'ombe na mbwa, alimpaka dawa bila kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

"Kwa nini hakusogea?" nikamuuliza. "Upande wa pili ulikuwa na nafasi tele."

"Nyoka hufuata joto, mzee. Tumbo lake halimwambii mapema kwamba linaungua. Analala tu." Akafunika kikapu. "Akila ndani ya wiki tatu, tutakuwa na matumaini. Asipokula, sijui."

Nyumbani nilikaa mbele ya kasha mpaka jioni, mikono magotini. Miaka sita nilihangaika na daftari ili namba na herufi zinitii. Kisha nikazipa mgongo kwa ajili ya ngozi iliyokwisha kufa, na sikujua imekufa lini.

"Mwambie kisanduku kiliharibika," mke wangu akaninong'oneza saa kumi na mbili ilipokaribia. "Nani atajua? Mtoto ana mafunzo yake."

Simu ikalia.

"Mkanda anaendeleaje, babu?"

"Nimemuunguza."

Nikaeleza yote: kiganja, plagi, siku mbili, na lile jibu langu la namba ziko sawa. Upande wa pili wa simu nikasikia mlango ukifungwa.

"Niliandika, babu."

"Uliandika. Na mimi nilisoma."

Akavuta pumzi. Nilingoja aniambie nimpeleke nyoka kwa mtu mwingine. Ningempeleka, na nisingeomba chochote tena.

"Sasa hivi namba ni ngapi?"

Nikavaa miwani, nikainama. Mkono ulikuwa umeshanyooka wenyewe kuelekea kwenye kioo. Nikaurudisha, nikautia mfukoni.

"Kulia thelathini na moja. Kushoto ishirini na tano."

"Soma tena."

Nikasoma tena, nikakwama kwenye thelathini.