Waya Kwenye Shamba la Antena

Uvumi ulianzia malishoni: ng'ombe wa jirani yao Hnat wamekatiza shamba la antena na kurudi wazima, kwa hiyo mabomu yaliyotegwa na wanajeshi upande ule yamekwisha. Motrya aliupinga, akaucheka, lakini kila akikanda unga ulimrudia. Binti yake Zlata alifanya kazi shambani mle, na Zlata alitamani mno uwe kweli.

Kazi yenyewe ilikuwa kuisikiliza sayari ya Mshtarii. Motrya, aliyeishia shule ya msingi, alieleweshwa hivi: sayari ile ni sumaku kubwa kupindukia. Mwezi wake mmoja, Io, unatapika moto na gesi. Gesi ikishajaa umeme, sumaku inaidaka na kuizungusha kwa kasi ya kutisha, mpaka umeme unaiporomokea sayari na kutoa kishindo ambacho antena hukinasa, kama changarawe zikimwagwa juu ya bati. Io ikifika mahali pake, dhoruba inaanza.

Siku hiyo dhoruba ilitarajiwa jua likizama, na safu ya mashariki ya antena ilikuwa kimya.

"Naunga waya mmoja tu, Mama. Nitarudi supu haijapoa."

"Wateguaji wa mabomu hawajaweka vigingi vya usalama upande ule!"

"Ng'ombe wa Mjomba Hnat wameshapapima."

"Basi mtume ng'ombe akaunge waya!"

Hnat, aliyeegemea uzio, alicheka. "Ng'ombe wangu hana cheti, Mama Zlata."

"Wewe nyamaza, maneno yako ndiyo yaliyotufikisha hapa. Zlata, Mshtarii haikimbii, mwanangu."

"Mshtarii haikimbii, Io ndiyo inayokimbia," alisema Zlata, akaingia.

Motrya alimfuata kwa macho katikati ya nguzo za chuma. Alimwona akiinama.

"Nimeuona! Umeangukia kwenye nyasi!"

Miaka yote ya kazi yake Zlata alikuwa akiokota nyaya za antena zilizoanguka. Aliushika ule kama anavyoshika zote, akauvuta. Haukuwa waya wao.

Ardhi ilifumuka. Nguzo mbili zilikunjika, vipande vya chuma vikapita vikipiga mluzi, udongo ukamjaa Motrya kinywani. Moshi ulipopungua alimwona mwanawe amelala kifudifudi, mkono wa kulia umeishia kwenye kiwiko, damu ikiruka.

Motrya alikimbia. Hnat akamkamata kiunoni. Motrya alimng'ata mkono mpaka mfupa, Hnat hakumwachia.

"Mama, usije!" Zlata alipiga kelele. "Kuna waya mwingine! Nauona!"

Alijifunga mkanda juu ya kiwiko kwa meno. Wateguaji walifika, wakalala chini, wakaanza kuichomachoma ardhi kwa vijiti vyao kutafuta mabomu, kidogo kidogo, huku mama akitazama damu ya mwanawe ikinywewa na vumbi. Walipomfikia alikuwa mweupe kama chokaa, lakini anapumua.

Dhoruba ilikuja kwa wakati wake. Safu nyingine ziliinasa yote. Zlata alikuwa kwenye meza ya upasuaji. Aliamka bila mkono na bila jicho la kulia.

Kila anayeajiriwa pale sasa, Motrya humsimamisha langoni kwanza:

Usiguse waya uliolala kwenye nyasi, hata ukifanana na wako.

Usiamini njia kwa kuwa mnyama amepita.

Usivuke vigingi vya wateguaji.

Usikubali kuharakishwa na dhoruba ya angani.

Usimkimbilie aliyelipukiwa, hata akiwa mwanao.